Tiba ya familia nje ya ofisi ni kitu gani hasa?

Wengi wakisikia tiba ya familia wanawaza ofisi, kaunsela na bili, basi wanaishia hapo hapo. Lakini ofisi siyo sehemu ya maana yake kabisa. Maana yake ni kwamba badala ya kumchukua mtoto mmoja "mkorofi" ukamrekebishe peke yake, mnaangalia kinachopita kati yenu wote, yaani baba akinyamaza mama anapaza sauti, mama akipaza sauti kijana anatoka nje, kijana akitoka baba anazidi kunyamaza, kesho tena vile vile.

Sasa kazi hiyo inafanyika hata sebuleni au mkimenya viazi. Eldoret kuna mpango unaitwa Tuko Pamoja, umetengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani na wenzao wa Kenya, na walichofanya ni kuwatafuta watu ambao majirani walishazoea kuwakimbilia nyumbani kukiwaka ugomvi, wakawapa mafunzo. Hawa si madaktari, ni watu wa mtaa huo huo. Mimi hapo ndipo naipenda sana, maana mtu ambaye hawezi kumfungukia mgeni atamfungukia mama wa jirani aliyemjua tangu mdogo.

Ila msichanganye na kikao cha wazee. Kikao kinatafuta nani kakosa, anaomba msamaha, mnakula, mnaachana. Huku hakuna hakimu, anayeongoza anauliza tu na kila mtu anajibu mpaka amalize, mtoto pia. Kuna maswali mawili yanayotumika sana, yametoka mji wa Milwaukee, Marekani, kwa watoa tiba Steve de Shazer na mkewe Insoo Kim Berg walioanzisha kituo chao cha tiba ya familia mwaka 1978. La kwanza: tuseme usiku umelala na tatizo likaisha bila wewe kujua, asubuhi utajua limeisha kwa kitu gani? Utashangaa majibu yalivyo madogo, mtu anasema "ataniuliza nimeamkaje," basi, na hicho kinaweza kuanza leo leo. La pili: tuseme 1 ni hali mbaya kabisa na 10 ni nzuri kabisa, nyie mko wapi? Mkisema 3, anayeongoza haulizi kwa nini si 10, anauliza imekuwaje si 1, mnajikuta mnataja mazuri ambayo mlishayasahau.

Kijana asiyesema kitu mezani mpeleke mtembee, dukani au shambani, mkiwa bega kwa bega hatazamwi usoni na maneno yanatoka yenyewe, usimkatize.

Lakini kama kuna anayepigwa au anayetishiwa humo ndani msiwakalishe pamoja, kwa sababu atakachosema mchana anaweza kukilipia usiku. Huyo aongeleshwe peke yake na apelekwe penye usalama kwanza, kwa Kenya namba ya kupiga ni 1195 na ni bure.