Mzee wa Zanzibar aliyetundikwa jikoni London

Mwezi Septemba 2015, katika ukumbi wa Bonhams jijini London, ilinadiwa picha ya rangi ya mafuta iitwayo "Arab in Black", yaani Mwarabu aliyevaa nyeusi. Aliichora Irma Stern, mchoraji wa Afrika Kusini, mwaka 1939 alipokuwa Zanzibar. Kabla ya kufikishwa mnadani ilikuwa imetundikwa jikoni katika nyumba moja hapo hapo London, na wenyewe waliitumia kama ubao wa kubandikia barua, kadi za posta na bili, mpaka mtaalamu wa nyumba ya mnada alipokwenda kukadiria thamani ya vitu vya humo, akaitambua nyuma ya makaratasi. Kisa hicho kilienea haraka, na kwa kuwa ni kitamu, kimebeba pamoja nacho mambo kadhaa ambayo si kweli.

Wengi husema, kwanza, kwamba picha iliyookotwa kwa namna hiyo humtajirisha mwenyewe kwa kiasi kile kile kinachotangazwa magazetini. Bei iliyotangazwa ilikuwa pauni 842,500. Lakini nyundo ya dalali iligonga kwenye pauni 700,000, na zile 142,500 zilizozidi ni ada ambayo mnunuzi huilipa nyumba ya mnada juu ya bei aliyotaja. Muuzaji hapati kitu katika ada hiyo, na kwa kawaida hukatwa kamisheni yake katika zile 700,000. Makadirio yaliyochapishwa kabla ya mnada yalikuwa kati ya pauni 700,000 na milioni moja, nayo makadirio hayahesabu ada ya mnunuzi. Kwa hiyo anayelinganisha 842,500 na makadirio hayo, akasema picha iliuzwa katikati, amekosea hesabu. Iliuzwa kwenye kizingiti cha chini kabisa. Irma Stern mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki miaka 49 kabla ya mnada huo.

Jambo hilo la kizingiti linaivunja dhana nyingine, inayodai kwamba hadithi ndiyo huuza picha. Picha hii ilikuwa na hadithi mbili kubwa. Mbali na ya jikoni, katika miaka ya 1950 ilitolewa ipigwe mnada ili kuchangia gharama za utetezi katika ile kesi ya uhaini iliyowakabili watu 156 waliokamatwa Desemba 1956, Nelson Mandela akiwa mmojawao, kesi iliyokwisha Machi 1961 kwa washtakiwa wa mwisho kuachiwa huru. Mnunuzi wa wakati huo aliirithisha, na familia ikahamia nayo Uingereza. Magazeti yaliandika sana juu ya Mandela na juu ya jiko, lakini wanunuzi ukumbini walisimama pale pale makadirio yalipoanzia. Miaka minne kabla, Machi 2011, katika nyumba hiyo hiyo ya mnada, picha nyingine ya Stern ya Zanzibar, "Arab Priest" ya mwaka 1945, ilifika pauni 3,044,000 pamoja na ada, ikanunuliwa na mamlaka ya makumbusho ya Qatar, nayo haikuwa na jiko wala mahakama. Wanaonunua picha za Stern kwa fedha nyingi hutazama kwanza mwaka, mahali ilipochorwa, unene na uchangamfu wa rangi, hali ya turubai na fremu. Zanzibar ya 1939 na 1945, pamoja na Kongo ya 1942 na 1946, ndiyo miaka yao.

Kutokana na kesi ya uhaini imezuka pia imani kwamba Stern alikuwa mpiganaji dhidi ya ubaguzi wa rangi. Sikuona sababu ya kumvika joho hilo. Picha huzunguka mikononi mwa watu, na safari yake si ushahidi wa msimamo wa aliyeichora. Stern aliwachora Waafrika, Waarabu na Wahindi kwa shauku kubwa katika nchi ambayo haikuwaona kuwa wanastahili, lakini siasa za nchi yake hakuzifanya kazi yake. Upande mmoja tu alikuwa wazi: akiwa Myahudi mwenye asili ya Ujerumani, alikataa kurudi huko wakati wa utawala wa Wanazi. Safari za ndani ya Afrika zilichukua nafasi ya zile za Ulaya, na ndivyo Zanzibar ilivyompata.

Wapo wanaomhesabu kuwa mgeni wa Ulaya aliyekuja kupunga upepo pwani. Alizaliwa mwaka 1894 Schweizer-Reneke, mji mdogo wa Transvaal, Afrika Kusini, akasomea uchoraji Ujerumani, akafunzwa njia na mchoraji wa Kijerumani Max Pechstein, na akarudi Cape Town mwaka 1920. Maonyesho yake ya kwanza huko, mwaka 1922, yaliishia kwa dhihaka. Rangi kali na sura zisizofuata mfano halisi ziliwaudhi watu waliozoea mandhari tulivu za Kiingereza. Baadaye mji ule ule ulimheshimu, na nyumba yake ya Rosebank ikafanywa makumbusho baada ya kifo chake.

Kuhusu rangi yenyewe nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hapa dhana potofu huharibu mali. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji kama rangi ya ukutani. Mafuta ya mbegu za kitani huvuta oksijeni hewani na kuwa magumu polepole, ngozi ya juu ikitangulia. Stern alipaka kwa haraka na kwa unene, kiasi kwamba mifereji ya brashi hushikika kwa kidole, na tabaka nene kama hilo huweza kuchukua miezi mingi kukomaa. Nyufa, basi, si cheti cha uzee, maana picha changa iliyopakwa vibaya nayo hupasuka. Wala viazi, mkate na sabuni havifai kusafishia picha iliyokaa katika moshi wa kukaangia. Hiyo ni kazi ya fundi wa uhifadhi.

Fremu nayo hudhaniwa kuwa pambo linaloweza kubadilishwa. Kwa picha za Stern za Zanzibar ni kinyume kabisa. Nyingi alizitilia fremu za mbao zilizochongwa Zanzibar, mbao za aina ile inayozunguka milango ya Mji Mkongwe, zenye maua na mizabibu iliyozungushwa, na wanadi hawasahau kuandika kwamba fremu ni ya asili. Anayeing'oa akaweka ya dhahabu ameipunguzia picha thamani. Kwa msomaji wa Unguja, hata hivyo, sentensi hiyo fupi ya katalogi ina uchungu wake, kwa sababu kila kipande cha mwimo kilichozunguka picha kilitoka mahali fulani.

Dhana kubwa kuliko zote ni ile iliyoandikwa kwenye lebo. Watu hudhani jina la picha humtaja aliyechorwa. "Arab Priest" humaanisha kasisi wa Kiarabu, na Uislamu hauna ukasisi. Zanzibar ya Sultani Khalifa bin Harub ilikuwa na masheikh, maimamu, maalimu na makadhi, tena kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kisunni wakihukumu sambamba. Mtu wa mji ule asingemwita jirani yake jina lile hata kwa utani. "Bahora Girl" ya mwaka 1945, iliyouzwa London mwaka 2010 kwa zaidi ya pauni milioni mbili, ni msichana wa Kibohora, jamaa ya Waislamu wenye asili ya India ambayo maduka yake kila mtu wa Zanzibar aliyajua, lakini tahajia ya jina hilo inaonyesha kwamba aliyeliandika alilisikia kwa sikio la mgeni. Hata neno "Arab" tulichukue kwa tahadhari: kilemba na joho vilivaliwa na Waomani, Washihiri, Wangazija na Waswahili wa mji wenye hadhi, na mavazi peke yake hayakutosha kumtenga mmoja na mwingine. Majina haya yalifaa kwa mnunuzi wa Cape Town aliyetaka kujua ameona aina gani ya mtu, si mtu gani.

Mzee wa "Arab in Black" alikaa mbele ya Stern akiwa na jina, ukoo na mtaa, pengine na wajukuu ambao leo ni watu wazima Zanzibar, Mombasa au Maskati. Katalogi ya mwaka 2015 ilitaja mchoraji, mwaka, vipimo, fremu na njia iliyopitiwa na picha hadi London. Aliyechorwa alibaki kuwa rangi ya nguo zake.