Kusinzishwa na dawa za wasiwasi kwa mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson

Kusinzishwa na dawa ni hali ya mtu kuwa mzito wa kuamka, kuzubaa na kuchelewa kujibu kwa sababu dawa aliyomeza imepunguza kasi ya kazi za ubongo. Hali hii huwapata kwa urahisi wanaotumia dawa za wasiwasi za jamii ya benzodiazepini, kama vile diazepamu na lorazepamu. Mzee mwenye Parkinson huathirika zaidi, kwa kuwa tayari misuli yake imekakamaa, hatua zake ni fupi, na shinikizo lake la damu huweza kushuka ghafla anaposimama.

Uzee wenyewe huongeza tatizo. Diazepamu huyeyuka katika mafuta, na kwa kuwa mwili wa mzee huwa na mafuta mengi zaidi kwa uwiano huku ini likifanya kazi polepole, dawa hiyo hukaa mwilini kwa siku kadhaa, hata kidonge cha leo kikakuta cha juzi hakijaisha. Ndiyo maana mwongozo wa Beers, unaotumiwa na madaktari wa wazee nchini Marekani, unashauri benzodiazepini ziepukwe kwa jumla kwa watu wa miaka 65 na zaidi. Kinachohofiwa ni kuanguka na kuvunjika nyonga, kuchanganyikiwa, na pia kupaliwa na chakula hadi kupata nimonia.

Jambo linalosahaulika mno ni saa. Wagonjwa wengi wanaotumia levodopa, dawa kuu ya Parkinson, hupatwa na hofu, jasho na moyo kwenda mbio pale dozi iliyotangulia inapoisha nguvu, kisha hutulia dozi inayofuata inapoanza kufanya kazi. Kumpa mtu huyo diazepamu ni kumnyamazisha tu, maana anachopungukiwa ni dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwendo wa mwili, ambayo levodopa huiongeza. Daftari lenye saa za dawa, saa za wasiwasi na saa za kusinzia humsaidia daktari kuliko maelezo marefu ya familia, naye huweza kusogeza karibu saa za levodopa kabla ya kufikiria kidonge kingine.

Wasiwasi unaodumu kutwa huhitaji njia nyingine, kama vile tiba ya mazungumzo au dawa za unyogovu za aina ya sertralini, ingawa anayetumia selejilini au rasajilini, ambazo ni dawa nyingine za Parkinson, lazima amjulishe daktari, kwani mchanganyiko huo huweza kuzidisha serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, kwa kiwango cha hatari. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili ambayo wakati mwingine hutolewa kumtuliza mzee anayehangaika, huzuia kazi ya dopamini na kuzidisha ukakamavu. (Wala si kila usingizi wa mchana unatokana na dawa za wasiwasi: pramipeksoli na ropiniroli, ambazo ni dawa za Parkinson yenyewe, huweza kumlaza mtu ghafla.)

Mzee aliyekwisha kuizoea benzodiazepini kwa miezi au miaka asiikatize kwa siku moja, kwa sababu wasiwasi huweza kurudi kwa nguvu zaidi na hata degedege kutokea. Daktari huipunguza kidogo kidogo, kwa wiki au miezi, akiangalia kila hatua mgonjwa anavyolala, anavyotembea na anavyomeza.