Chujio lililobaki kwenye daftari

Wiki iliyopita nilikuwa shule moja ya msingi upande wa Kibosho, juu ya Moshi mjini, nikipekua madaftari. Ndiyo kazi yangu. Watu wakisikia natafiti upimaji hudhani nashinda kwenye takwimu za Baraza la Mitihani. Takwimu nazisoma, lakini huanza na daftari, kwa sababu linaonyesha kilichofundishwa siku ambayo hakukuwa na mgeni.

Hili lilikuwa la Sayansi, darasa la tano. Andalio la somo la siku ile lilisema mwanafunzi ataweza kuchuja maji. Kwenye daftari palikuwa na swali: "Taja vitu vinne vya kutengenezea chujio." Majibu yako kwa mwandiko safi: chupa, changarawe, mchanga, pamba. Tiki nne za wino mwekundu. Hatua kama ishirini nyuma ya darasa, mfereji unakatiza kwenye migomba, maji yamekuwa tope tangu mvua zianze. Hakuna mtoto aliyetoka na chupa.

"Dada yangu, mtihani utawauliza kutaja," mwalimu akaniambia.

Ana haki. Mtaala wetu umekuwa ukihubiri umahiri, yaani mtoto aweze kutenda na si kujua tu, tangu 2005, na ule ulioanza Januari 2024 umekaza zaidi. Ila swali la kutaja ni rahisi kutunga na kusahihisha, wala halizui ugomvi wa maksi. Swali la kutenda linataka muda, vifaa, na mwalimu amtazame mtoto mmoja mmoja. Mwenye watoto themanini darasani atachagua lipi?

Suluhisho linalotajwa kwa kawaida ni alama za shuleni, zile anazotoa mwalimu mwenyewe. Nalo ni la zamani: Azimio la Musoma, la chama cha TANU mwaka 1974, lilishataka mtoto asihukumiwe kwa mtihani wa mwisho tu, bali kazi na mwenendo wake vihesabiwe pia. Tatizo ni kwamba alama hizo hupikwa. Sekondari moja walinipa orodha ya alama za kazi mradi. Kidato kizima kilikuwa kati ya 78 na 86, akiwemo kijana aliyekuwa amehama tangu Machi. Nilicheka, kisha nikaona aibu kucheka. Walimu wale hawakuwahi kukaa pamoja hata mara moja wakakubaliana kazi ya 60 inaonekanaje, na ya 80 inaizidi kwa lipi. Bila makubaliano hayo, kumpa kila mtu 80 ndiyo njia ya amani. Mimi ningepewa fedha za mageuzi, ningeanzia hapo: walimu wa kata moja, meza moja, rundo moja la kazi za watoto, wasahihishe wabishane.

Na vifaa? Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu. Yule mwalimu wa chujio anacho chake, kimetunzwa vizuri, na alinionyesha kwa fahari kilichomo: pepa za moku za mikoa kumi na moja. Angeweza kuwapiga video watoto wakichuja maji, ukawa ushahidi tosha, lakini video hiyo angempelekea nani? Kifaa kimefuata kinachopimwa, kama daftari lilivyofuata.

Utafiti ninaoupenda kwenye jambo hili ni wa mchumi Isaac Mbiti na wenzake, uliochapishwa 2019 na kufanyika katika shule 350 za msingi hapa Tanzania. Shule zilizopewa ruzuku peke yake, watoto hawakujifunza zaidi. Bonasi ya walimu kwa matokeo ya wanafunzi, peke yake, ilileta mabadiliko madogo, tena si kwenye kila kipimo. Zilizopata vyote viwili ndizo zilizosogea waziwazi. Naukumbuka kila nikisikia mtaala unazinduliwa wiki hii na vifaa mwezi ujao, huku mtihani ukisubiri zamu yake.

Zamu yenyewe inakuja. Mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya, ambao elimu yake ya msingi inaishia hapo, litamaliza pamoja na darasa la saba la mwisho. Mwalimu aliniuliza kama maswali ya hao wa sita yatabadilika au watataja tu kama kaka zao. Nikamwambia tujaribu la kwetu kwanza.

Jumatano narudi. Ameniagiza pamba; mchanga na chupa, anasema, vipo.