Zimwi likigeuka ndoto mie kitabu nafunga

Skuli zikifungwa tu meseji zinaanza kumiminika, dada mwanangu kamaliza vitabu vyote vya yule kijana mchawi mwenye miwani, una nini chengine? Na mie ndo kazi yangu hiyo, nipo maktaba upande wa watoto na vijana hapa Unguja, vitabu navisoma kabla sijavipanga kwenye shelfu na nikirudi nyumbani navisoma tena mana ugonjwa ushaingia. Kwaiyo leo najibu wote kwa pamoja, vya majini, wachawi na mazimwi nilivyovisoma karibuni, na naeleza pia navipima vipi, mana kuna wanaonambia mbona hiki umekisifu na kile ambacho dunia nzima inakililia umekikunjia uso.

Kipimo changu mie hichi hapa. Dude la kwenye hadithi, liwe jini, liwe zimwi, liwe paka anaesema, lina sheria yake au halina? Linakula nini, linaogopa nini, anaelitumia linamdai nini? Likiwa na sheria mtoto anakaa mpaka mwisho hata kama kitabu kinene, na mwandishi nae aiheshimu hiyo sheria, asije ukurasa wa mwisho akanambia Juma akazinduka usingizini kumbe ilikuwa ndoto. Hapo nafunga kitabu na simpi mtu.

Ngoja nianze na ya nyumbani. Askofu Edward Steere alikusanya ngano kwa watu wa hapahapa Unguja akazichapisha London mwaka 1870, na ndani yake mna kisa cha Sultan Majnun, yani ile ya nunda mla watu ambayo wengi tumeisikia kwa bibi zetu wala hatujui kama ipo kitabuni. Hebu angalia ilivyojengwa. Paka wa sultani kakamata ndama, watu wanakwenda kushtaki, sultani anajibu paka wangu na ndama wangu, mwacheni. Siku nyengine mbuzi, af ng'ombe, punda, ngamia, jibu ni lile lile. Af mtoto wa mtu. Af mtu mzima. Hakuna mchawi aliekuja na fimbo hapo, dude limelelewa na majibu ya mwenye nyumba mpaka siku linakula watoto wa sultani mwenyewe ndo anakubali kuwa huyu si paka tena, ni nunda. Na anaekwenda kumtafuta ni yule kitinda mimba aliedharauliwa, Mkaajikoni, anaua mbwa anambeba mpaka kwa mama huku anaimba mama wee niulaga (yani nimemuua), nunda mla watu, mama anamjibu mwanangu siye, basi anarudi tena msituni, kila mara anaua mnyama mkubwa zaidi hadi tembo, na kila akija ni siye, siye, siye.

Nikiwasomea watoto hii, kufika kwenye punda washanipokonya mdomo, nikisema tu "sultani akasema" darasa zima linapiga kelele PAKA WANGU! Hata wale waliokuja na simu mfukoni. Wamesha ishika sheria ya hadithi na wanajua mahala inapoelekea, na ndo maana inawatisha. Kitabu cha fantasia kizuri kinafanya kazi hiyo hiyo kwa kurasa mia nne.

Sasa chukua vile vitabu vya watoto vya Kiswahili vinavyoletwa kwa maboksi. Kurasa 24, picha nzuri kabisa, sungura mkaidi, kisha maswali ya ufahamu na funzo la hadithi. Zimwi likitokea ukurasa wa 10, kufika wa 14 lishakuwa jirani aliejivika gunia. Mie nawaelewa wachapishaji, soko lao ni skuli na skuli inataka kitabu cha kufundishia, lakini mtoto si mjinga, akishaona gunia mara mbili cha tatu hachukui. Na sisi Wazanzibari tusijifanye hatumo, riwaya yetu maarufu ya upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960), jina lake linakupa mzimu, unafungua unamkuta mpelelezi, Bwana Msa, na kiko chake anatafuta muuaji! Naipenda mno, nimeirudia sijui mara ngapi, ila mzimu pale kaja kuuza tiketi tu. Alieuchukua mzimu kwa dhati ni Said Ahmed Mohamed, Mpemba wetu, kwenye Babu Alipofufuka (2001), babu anatoka kaburini kuja kumsumbua mjukuu aliekwisha shiba, lakini ile ni ya watu wazima, mtoto wa fomu wani usimpe atakurudishia siku ya pili.

Lipo jambo la kutia moyo kidogo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, ile ya uandishi bunifu, ilipoanza kutolewa 2023 ilikuwa riwaya na ushairi, baadae wakaingiza na hadithi za watoto. Basi naomba mtu apeleke huko zimwi lenye meno.

Haya, tuje kwa hao wa nje, na hapa lazima nilijibu swali ambalo naulizwa na wazazi kuliko yote, khasa kina baba: mwalimu, haya mambo ya majini hayataharibu imani ya mtoto? Jibu langu ni kwamba mtoto wa huku hasomi jini kama anavyosoma mtoto wa Uingereza. Kwao jini ni kitu cha kubuni sawa na joka linalotema moto, kwetu sisi ina sura nzima kwenye Quran, na chuoni, kwa mwalimu wa Quran, mtoto keshahadithiwa Nabii Suleiman alivyowatumikisha, na alivyofariki akiwa kaegemea fimbo yake majini wakaendelea na kazi ngumu hawana habari, mpaka mdudu wa ardhini alipoitafuna fimbo mwili ukaanguka ndo wakajua. Mtoto aliekuja na hilo kichwani ana haki ya kumdai mwandishi adabu. Na wapo wenye adabu hiyo.

Mmoja ni Shannon Chakraborty, Mmarekani na ni Muislamu. Vitabu vyake vitatu vya Daevabad, mji wa majini (The City of Brass 2017, The Kingdom of Copper 2019, The Empire of Gold 2020) vinasimama juu ya msingi huo huo, majini waliadhibiwa na Suleiman, wakagawanywa makabila, na pete yake ya muhuri ndo inayogombaniwa hadi leo. Sheria ipo na inauma. Kwa msomaji wa pwani kuna na cha ziada, mwanamfalme Ali mama yake anatoka Ta Ntry, nchi ya majini iliyokaa huku huku pwani ya Afrika Mashariki, na kitabu cha tatu kinafika huko. Kasoro yake siifichi, siasa za ikulu nyingi mpaka unahitaji daftari la majina ya makabila, na mapenzi yale ya watatu yananichosha. Vya kuanzia miaka 16, chini ya hapo umwagaji damu mwingi.

Lakini alichokuja kuandika baadae, The Adventures of Amina al-Sirafi (2023), hicho wallahi nilikisoma mpaka mchuzi ukaungua. Amina ni nahodha mwanamke, haramia mstaafu, mtu mzima mwenye magoti yanayouma, kajificha na mama yake na binti yake Marjana, mara anakuja bi mkubwa tajiri wa Aden anataka mjukuu wake Dunya arudishwe kutoka kwa Mfaranki (Mzungu) mmoja mwenye tamaa ya uchawi. Karne ya 12, Bahari ya Hindi yetu hii hii, Aden, Mogadishu, Sokotra. Anaikusanya kruu yake ya zamani mmoja mmoja, yule mjuzi wa ramani anamkuta Mogadishu keshatulia na mke na watoto. Na humo mna mume, si binadamu, ambae Amina alimuoa bila kujua kaoa nini. Kilichonipendeza ni kuwa Amina anasali, anakosea, anaogopa siku ya hesabu, na ule uchawi kila ukimgusa anajua kuna bili inakuja. Hachezei. Hiki kimeandikiwa watu wazima lakini fomu tri na fomu foo wanakipenda, wazazi mjue tu mdomo wa Amina ni wa baharini.

Cha pili, na kwangu mie ndo namba moja, ni The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa (2021). Kilichukua Tuzo ya Ursula K. Le Guin ilipotolewa kwa mara ya kwanza 2022. Aisha, binti wa Kihadhrami, baba yake mvuvi kapotea baharini, anamfata kwa chombo cha mifupa akiongozwa na paka msomi anaezungumza, na njiani anakutana na madude matatu, la mwisho ni Baba wa Papa. Yani mtu katuandikia bahari yetu! Paka wa Mji Mkongwe ukiwatazama pale sokoni Darajani wanavyokuangalia kwa dharau hutashangaa kabisa kuwa mmoja wao kasoma. Na madude yake hayaji kupigana tu, yanakuja na maneno, Aisha anatakiwa awe na jibu, asie na jibu kaliwa. Ni nunda yule yule kavaa kanzu nyengine.

Ila nisikudanganyeni, baba akishapatikana kitabu hakijafika mwisho, kinarudi Mombasa, kina kunguru na mbuzi wenye rai zao na bibi anaetaka mjukuu aolewe, na hapo mwendo unapungua sana. Vijana wengi wananirudishia nusu. Mie nusu ile ya pili ndo naipenda zaidi, mana bahari keshaishinda sasa ashinde sebule, lakini kweli Kiingereza chake ni kizito, sentensi zinapinda, ukimpa mtoto mkae musome pamoja.

Kwa wadogo zaidi, darasa la sita mpaka fomu ya pili, nawapa Akata Witch ya Nnedi Okorafor (2011, vya kufatia 2017 na 2022). Sio kipya sana lakini huku ndo kinafika. Sunny ana miaka 12, ni albino, kazaliwa New York anaishi Aba, Nigeria, anapenda mpira ila anacheza jioni jua likizama, anagundua kuwa ni mmoja wa watu wa Chui, yani watu wenye uchawi. Sheria ya humo ni tamu: ukijifunza jambo la maana kweli zinakudondokea chittim, pesa za madini, puu, miguuni. Watoto wanakiomba hicho kwenye mitihani yao. Na kwa nchi yetu hii, tunajua wenyewe ndugu zetu wenye ualbino walivyofanyiwa, kumuona binti albino ndo shujaa, ana hasira zake na utundu wake, wala haonewi huruma, mie kitabu ningekigawa bure. Kasoro: pambano la mwisho linakwisha upesi mno, umejengewa muuaji wa watoto kitabu kizima kisha kurasa chache tu kwisha.

Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi (2018) ndo hicho mnachoniulizia kwa nini nakikunjia uso. Mwanzo ni mkali, nchi iliyonyang'anywa uchawi, Zélie na hasira ya mama aliyeuliwa. Lakini kinakimbia tu, kila sura mtu anafukuzwa, na mapenzi na mtoto wa mfalme yananijia kama yametiwa kwa amri. Kufika kitabu cha tatu cha mfululizo huo, cha 2024, nilikuwa namalizia kwa ajili ya kazi. Vijana wanakipenda, kipo, njooni mukichukue.

Tatizo linabaki lugha. Vyote hivi ni Kiingereza, na mtoto wa Wete au Makunduchi mwenye kiu hii hii anavunjwa na ukurasa wa kwanza. Kwa Kiswahili fasaha cha ajabu ajabu ninacho Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, yani Alice in Wonderland, kafasiri Ida Hadjivayanis (2015), mwenyeji wa hapa, na ndio, najua, kile nacho kinaishia ndotoni, mtanitania. Namsamehe Alisi mana mle ndani ndoto yenyewe ina sheria kali kuliko skuli. Kwa wanaoanza kusoma kuna tovuti ya African Storybook, hadithi bure, Kiswahili kipo, unapakua kwenye simu, ubora haulingani, chagua kwanza mwenyewe ndo umpe mtoto.

Kwaiyo likizo hii: darasa la tatu kushuka msomeeni nunda kwa sauti, na muimbe. Darasa la sita Sunny. Fomu tri Aisha, mkiwa wawili. Amina kwenye foleni, nakala ni moja na sasa hivi ipo kwa mwalimu mmoja wa fizikia ambae hataki kuirudisha.