Vita Vilivyosomwa Kitandani: Diwani ya Juliana Spahr

Msomaji aliyelelewa na tenzi za vita hutarajia majemadari, safu za majeshi na uwanja ulipomwagika damu. Katika diwani ya Mmarekani Juliana Spahr, This Connection of Everyone with Lungs, iliyotolewa na University of California Press mwaka 2005, nafsineni, yaani sauti inayosema ndani ya mashairi, yuko kitandani visiwani Hawaii pamoja na wapenzi wake, na vita vinamfikia kama habari.

Spahr anaeleza ndani ya kitabu kwamba, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, aliamini nchi yake isingeivamia Afghanistan, na akawa amekosea kabisa. Kwa hiyo tarehe 30 Novemba 2002, wakati wakaguzi wa silaha wa Umoja wa Mataifa walikuwa ndiyo kwanza wamerejea Iraki, alianza kuzichambua habari kila mara akitumaini kuelewa vita vinavyoandaliwa. Anakiri kwamba hakupata uelewa wowote wa kina, na kwa maoni yangu ungamo hilo ndilo linaloiokoa diwani isiwe hotuba ya kisiasa.

Kuna mashairi mawili tu. La kwanza, lililoandikwa baada ya Septemba 11, linahusu kuvuta na kutoa pumzi. Linaanza na seli za mwili, likapita nafasi iliyo kati ya mikono, chumba, jengo, mtaa, mji, nchi, mabara na bahari, hadi matabaka ya juu ya angahewa. Na kila linapoongeza kitu kimoja hurudia vyote vilivyotangulia, kiasi kwamba msomaji wa sauti huishiwa pumzi kwelikweli. Halina vina wala mizani, kwa hiyo takriri ndiyo inayolibeba shairi zima. Mwishoni tu ndipo tunapotambua kuwa hewa hiyo tunayoshirikiana imebeba vumbi la majengo yaliyoporomoka New York, pamoja na chembe za kioo na saruji.

Shairi la pili, ambalo ni refu zaidi, ni shajara yenye tarehe inayofika Machi 27, 2003, wiki moja baada ya mabomu kuanza kuanguka Iraki. Hapa Spahr anaorodhesha: waliouawa, ndege wa kisiwani, mikutano ya wakubwa, uvumi kuhusu watu maarufu. Kuelekea mwisho, sentensi ileile inayomtaja Lisa Marie Presley na Michael Jackson inataja pia mabomu ya kuongozwa, na mkono unaonyooshwa kushika kiuno cha mpenzi unazigusa ndege za kivita. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa ujanja wa lugha. Mimi naliona kuwa maelezo sahihi ya jiografia, kwa sababu kisiwa cha Oahu kina bandari ya kijeshi ya Pearl Harbor na makao makuu ya kamandi ya Marekani ya eneo la Pasifiki. Anayelala huko hulala jirani na mitambo ya vita, na uchumi unaomlisha, kama Spahr mwenyewe anavyokubali, unategemea mitambo hiyo.

Udhaifu upo. Wairaki katika diwani hii huonekana jinsi wanavyoonekana katika taarifa ya habari, yaani kwa mbali na bila sauti, na orodha ndefu huweza kumfanya marehemu na mwigizaji walingane uzito. Naamini Spahr alilijua hilo, lakini kulijua hakulifuti. Wanafunzi wangu wanapolalamika juu yake huwapa diwani ya Solmaz Sharif iitwayo Look, ya mwaka 2016, ambamo mshairi mwenye wazazi Wairani anachukua istilahi za kamusi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, anaziandika kwa herufi kubwa, na kuzipachika katikati ya maisha ya familia iliyompoteza ndugu katika vita vya Irani na Iraki.