Kome milia: anavyozaana na anavyosambaa

Kome milia ni kome mdogo wa maji baridi, mara nyingi hazidi sentimita 4, mwenye gamba lililochorwa michirizi. Kwao ni pande za Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Ukimtupa hapa Kilindini atakufa, chumvi ya bahari haiwezi. Lakini njia aliyosafiria, mtu wa bandari ya Mombasa ataielewa upesi.

Maji yakifika joto la nyuzi 12 hivi, dume humwaga mbegu na jike mayai, yakakutana humohumo majini. Jike mmoja aweza kutoa hadi mayai milioni 1 kwa mwaka. Kiluwiluwi anayetoka ni mdogo kuliko punje ya mchanga. Ana vinyweleo vya kuogelea, lakini kwa wiki 2 hadi 4 mkondo ndio unaompeleka. Wengi hufa. Waliobaki huota gamba, huzama, kisha hutoa nyuzi ngumu za kujigandisha kwenye jiwe, chuma, bomba, hata mgongoni mwa mwenzao.

Balaa lote limo katika zile wiki za kuelea. Meli isiyo na shehena hujaza maji matangini yawe farumi, isiyumbe. Ikifika inakopakia, huyamwaga. Iliyojaza kwenye mto wa Ulaya ikaenda kumwaga katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini ilimwaga na viluwiluwi. Kome waligunduliwa Ziwa St. Clair mwaka 1988, na kufikia 1990 walikuwa katika Maziwa Makuu yote 5. Mji wa Monroe, Michigan, ulishakosa maji walipojazana kwenye bomba la kuvutia maji ziwani.

Mkubwa naye husafiri. Hung'ang'ania boti, na penye unyevu huishi siku kadhaa nje ya maji, kwa hiyo trela humhamisha ziwa hadi ziwa. Mwaka 2021 alikutwa Marekani kwenye madonge ya mwani yanayouzwa kwa wafuga samaki wa mapambo!

Kome mmoja huchuja kama lita 1 kwa siku. Maji hung'aa, watu wakafurahi, kumbe chakula cha samaki wachanga ndicho kilichokwisha.

Dawa ya kwanza ni kubadilisha farumi katikati ya bahari, chumvi iwaue. Mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika 2017 unadai zaidi: mitambo ya kusafisha maji hayo melini, maana tangi halikauki kabisa, na tope la chini hubaki na viumbe wake.