Kulipwa kwa Kichwa: Wafungwa Waliofia Njiani Kwenda Australia

Mwishoni mwa Juni 1790, kasisi Richard Johnson alipanda merikebu Surprize, iliyokuwa ndiyo kwanza imetia nanga Sydney, akateremka ngamani, chini ndani ya chombo. Aliwakuta wafungwa wamelala chini, wengi nusu uchi, hawana matandiko, hata kujigeuza hawawezi. Alipotaka kwenda kuiona Scarborough, nahodha wake akamsihi asithubutu. Na Neptune ilizishinda zote kwa ubaya: watu 158 walikuwa wamefia humo.

Merikebu hizo tatu zilipakia Uingereza wafungwa wapatao elfu moja. Robo yao hawakufika. Waliofika, zaidi ya nusu walishushwa wagonjwa, wakalazwa mahemani kwenye pwani ya Waeora, wenyeji ambao ndui ilikuwa imewafyeka mwaka mmoja tu kabla.

Miaka miwili nyuma, Arthur Phillip, gavana wa kwanza wa koloni hilo, alileta wafungwa wa kwanza kwa merikebu 11 kupitia bahari hiyohiyo, na waliokufa walikuwa wachache. Kilichobadilika ni mkataba. Safari hii kazi ilipewa Camden, Calvert & King, kampuni ya London iliyozoea kusafirisha watumwa, kwa pauni 17, shilingi 7 na peni 6 kwa kila mfungwa aliyepakiwa. Aliyepakiwa, si aliyeshushwa. Mtu akifa njiani, malipo yake hayapungui, na chakula chake kinabaki stoo. Walipofika Sydney, manahodha walifungua duka pwani, wakauza bidhaa kwa bei ya kuruka.

Wafungwa nao walijifunza hesabu hiyo. Waliofungwa pingu pamoja walikuwa wakificha maiti ya mwenzao ili waendelee kupokea posho yake, mpaka uvundo uwaumbue.

William Hill, ofisa wa jeshi aliyesafiri nao, aliandika kwa hasira kwamba pingu zenyewe zilikuwa za biashara ya watumwa: kipande kifupi cha chuma kati ya vifundo viwili vya miguu. Akaongeza kuwa mchuuzi wa watumwa ana afadhali, kwani yeye hupata faida mzigo wake ukifika hai.

Walimu wa uchumi wanakipenda kisa hiki. Serikali, wanasema, ikaamua sehemu ya fedha ilipwe kwa mfungwa anayeshuka akiwa hai, vifo vikakoma. Ni kisa kitamu, ila kimekatwa mkia. Hillsborough ilisafiri kwa mkataba wa aina hiyo, ikafika mwaka 1799 imepoteza watu 95 kati ya 300 kwa homa inayoenezwa na chawa. Chawa hawasomi mikataba.

Aliyeleta nafuu kubwa, kwa maoni yangu, ni daktari. William Redfern mwenyewe aliletwa Sydney kama mfungwa mwaka 1801, baada ya kuhukumiwa kwa uasi wa mabaharia wa jeshi la majini la Uingereza huko Nore. Ngama aliijua kwa pua yake. Mwaka 1814, baada ya vifo vingine vingi melini, alimwandikia Gavana Macquarie: wafungwa waoge, wapande sitahani kupunga hewa, ngama isafishwe, wapewe chakula chao kamili, na kila merikebu iwe na daktari anayewajibika kwa serikali na si kwa mwenye chombo.

Kuanzia 1815 madaktari wa jeshi la majini walianza kusafiri nao, na vifo vikashuka hadi takriban mmoja kwa mia. Hadi safari zilipokoma mwaka 1868, wafungwa wapatao 162,000 walikuwa wamepelekwa Australia, na walio wengi walivuka baada ya waraka ule wa mfungwa mwenzao.